Zamani Taa Iliteuliwa

Katika picha za kompyuta za miaka ile, taa ilimulika kila kitu isipokuwa yenyewe. Ungeiweka juu ya meza ya chakula, ukaiongeza nguvu, ukaiacha mashine irende usiku kucha, yaani ipige hesabu za mwanga nukta kwa nukta hadi picha itoke. Asubuhi ungekuta meza inang'aa, vivuli vya viti vimelala sakafuni mahali pake, ukuta umepata rangi yake ya jioni. Lakini pale penye taa hapakuwa na kitu. Ndani ya programu taa ni mahali tu hesabu zinapoanzia; haina umbo wala uso wa kuonekana. Hata ukiichongea balbu na kuipaka weupe, ulichopata ni duara jeupe lililokufa.

Kazi hiyo niliifanya Dar es Salaam tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, nikitengeneza picha za majengo ambayo bado yalikuwa michoro. Msanifu alileta ramani, mwenye fedha alitaka kuiona nyumba yake kabla msingi haujachimbwa, na sisi tuliokaa katikati tulitakiwa kuwasha taa za nyumba isiyokuwepo. Kuwasha taa ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Ndiyo pia ninayoikumbuka kwa majonzi leo, wakati ambapo kijana yeyote mwenye kompyuta anaiwasha kwa kubonyeza mara moja, na matokeo yake ni bora kuliko yetu kwa vipimo karibu vyote.

Shida ilikuwa kwamba weupe wa skrini una mwisho. Kila pikseli ilikuwa na ngazi 256 za wekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255, na baada ya hapo hapakuwa na pa kwenda. Duniani mambo si hivyo. Kwa kipimo cha mwanga kiitwacho lux, jua la adhuhuri hufika 100,000 hivi, ilhali sebule iliyowashwa vizuri usiku haivuki lux mia chache. Sisi tulilazimika kuvibana vyote katika ngazi zilezile, kwa hiyo karatasi iliyolala mezani ilikuwa 255 na balbu iliyoimulika nayo ilikuwa 255. Jicho la mtazamaji lingejuaje kwamba moja ni karatasi na nyingine ni moto?

Linajua kwa kinachomwagika pembeni. Mwanga mkali haukai mahali pake. Hufurika ukagusa vilivyo jirani, na jicho limezoea tangu utotoni kuusoma mfuriko huo kama ushahidi wa nguvu. Mng'ao unaozunguka taa kwenye picha unasema jambo ambalo weupe peke yake hauwezi kulisema: hapa pana mwanga kuliko skrini hii inavyoweza kubeba.

Programu tuliyotumia ilikuwa 3D Studio MAX, iliyotoka mwaka 1996. Ilikuwa na sehemu iitwayo Video Post, ambako picha iliyokwisha kurendwa ilipitishwa tena ili iongezewe vitu, na matoleo yaliyofuata yaliweka humo zana za Lens Effects. Hapo ndipo flea (lens flare), yaani alama zinazoachwa na mwanga mkali kwenye lenzi, ilipojengwa kipande kwa kipande: mng'ao wa katikati, pete inayouzunguka, miale, nyota, mfuo mrefu wa mlalo, na yale maduara hafifu yanayotawanyika kuelekea upande wa pili wa picha. Kila kipande kilikuwa na ukubwa wake, uzito wake, na rangi yake kuanzia kiini hadi ukingo.

Programu haikujua yenyewe kipi king'ae. Ulilazimika kuiambia. Ulichukua matirio ya balbu, yaani sura ya uso wake, ukaipa namba, kisha ukauagiza mng'ao uitafute namba hiyo. Namba zilikuwa 1 hadi 15. Sifuri ilimaanisha kitu kiachwe kama kilivyo, na kila kitu kilianza kikiwa sifuri. Hapakuwa na taa iliyong'aa kwa bahati. Kila taa iliyong'aa iliteuliwa na mtu.

Uteuzi huo ulizaa mazungumzo ambayo siku hizi siyasikii. Msanifu alivuta kiti, tukaitazama picha ya ukumbi wa hoteli wenye taa za kila namna, nasi tukaulizana: katika hizi zote, mwenyeji ni nani? Taa ya mapokezi ndiyo inayomwita mgeni, basi hiyo ipewe namba moja na mng'ao mpana, laini. Zile za korido ziifuate kwa mbali. Za mgahawa zionekane zinawaka lakini zisiite. Taa ya mlango wa jikoni ibaki sifuri. Wakati mwingine msanifu alinyamaza, akaiangalia ramani yake upya, akasema taa fulani haina kazi pale, akaifuta kwenye mchoro wenyewe. Nyumba ilinufaika kabla haijajengwa. Wanja hupakwa jichoni, haupakwi uso mzima, na yeyote aliyekaa kwenye kiti kile alilielewa hilo bila kufundishwa.

Mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji ya mabwawa na mgao wa umeme ukatubana, utaratibu huo wa namba ulitusaidia pia. Picha tuliihifadhi kama faili la RLA, ambalo pamoja na rangi lilibeba zile namba. Kurenda kulihitaji saa nyingi za umeme au mafuta ya jenereta, lakini mng'ao ungeweza kubadilishwa baadaye kwa dakika chache juu ya picha iliyokwisha kutoka. Mteja alikuja, akasema taa ya baraza ipoe kidogo, tukaipoza akiwa palepale.

Ofisini kwetu alikuwepo mzee aliyetoka kwenye studio ya picha, mtu wa chumba cha giza na dawa za kusafishia filamu, aliyeingia kwenye kompyuta akiwa amekwisha kuzitazama taa maisha yake yote. Nilipoanza kupanga mng'ao wangu wa kwanza alisimama nyuma yangu akauliza, "Mwanangu, mwanga huu unamwagika wapi? Hewani, kwenye kioo, au jichoni?" Sikuwa nimewahi kuyatenga mambo hayo matatu. Yeye aliyatenga kama fundi anavyotenga misumari, na tangu siku hiyo sijawahi kuitazama taa bila kujiuliza swali lake.

Mwanga unaomwagika hewani hukaa mahali, pale taa ilipo, ndani ya unyevu, moshi au vumbi. Nguzo ikisimama mbele ya taa, inaukata mng'ao huo kama inavyokikata kitu kingine chochote kilicho nyuma yake. Pwani tunaufahamu kuliko watu wa bara, kwa sababu hewa yetu ya usiku ni nzito kwa mvuke wa bahari na kila taa ya barabarani inavaa blanketi lake.

Mwanga unaomwagika kwenye kioo ni wa kamera. Unatokea baada ya picha kuingia ndani ya lenzi, kwa hiyo, mradi mwanga wa taa unaifikia lenzi, hauheshimu nguzo wala mtu aliyesimama mbele. Unafurika juu ya vyote. Sehemu yake ni mwanga unaorudirudi kati ya vipande vya kioo, ndio unaozaa yale maduara yanayojipanga kwenye mstari mmoja unaopita katikati ya picha. Taa ikisogea kulia, maduara ya upande wa pili husogea kushoto. Sehemu nyingine ni nyota, na nyota ina hesabu yake: tundu la lenzi lenye panga 6, yaani vibati vinavyolipanua na kulifinya, hutoa miale 6, lenye panga 7 hutoa 14, kwa sababu kila ukingo hutupa mwale pande mbili, na panga zikiwa shufwa miale hiyo hulaliana. Mzee aliweza kuitazama picha ya gazeti na kusema lenzi iliyoipiga ilikuwa na panga ngapi.

Mwanga unaomwagika jichoni ni wa mtu mwenyewe. Konea na lenzi ya jicho hutawanya mwanga, na kadiri mtu anavyozeeka ndivyo mtawanyiko unavyoongezeka. Mwenye mtoto wa jicho huiona kila taa ya gari imevaa taji. Mwaka 1995 watafiti wanne wa Marekani, Greg Spencer, Peter Shirley, Kurt Zimmerman na Donald Greenberg, walichapisha hesabu za mng'ao huu wa jicho ili uongezwe kwenye picha za kompyuta. Sisi hatukuwa na hesabu zao mezani. Tulikuwa na Mzee.

Alitutuma tukatazame. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, tulikwenda Barabara ya Ocean Road, ambayo sasa ni Barack Obama Drive, tukazitazama karabai za wavuvi wa dagaa kwenye maji. Kutoka ufukweni uliona jambo ambalo vitabu vya programu havikulisema: kiini cha karabai kilikuwa cheupe tupu, na umanjano wake ulionekana ukingoni tu, pale mwanga ulipopungua kiasi cha jicho kuutambua. Ukienda kuupaka mng'ao wa taa ya manjano kwa umanjano mtupu kuanzia katikati, umeipaka rangi taa iliyozimwa. Weupe ukae ndani, rangi ianze pembeni. Chombo kingine kilipopita na kuiziba nusu ya karabai, sehemu ya mng'ao ilikatika na sehemu ilibaki ikielea mbele ya tanga, nasi tukawa tunaona kwa macho yetu hewa na jicho vikifanya kazi kwa pamoja.

Wavuvi wengi sasa wamehamia kwenye taa za LED, nyeupe na kali, na barabara zetu pia zinaiaga ile rangi ya chungwa ya taa za sodiamu. Si taa za picha tu zilizobadilika.

Mzee alipenda kutukumbusha kwamba watengeneza lenzi walipigana na flea kwa miaka mingi. Kioo kitupu hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake, na lenzi yenye vioo vingi hupoteza mwanga mwingi na kuutawanya ndani yake. Mwaka 1935 Alexander Smakula, wa kampuni ya Carl Zeiss nchini Ujerumani, alibuni utando mwembamba unaopakwa juu ya kioo ili kuuzuia mrudio huo. Kwa mpiga picha wa zamani flea ilikuwa dosari, na filamu yenye flea ilikatwa. Kisha wakaja watu kama Conrad Hall, aliyepiga filamu ya Cool Hand Luke mwaka 1967 na kuliacha jua liingie kwenye lenzi, ili mtazamaji alisikie joto la shamba na barabara ambako wafungwa walifanyishwa kazi. Dosari ikawa lugha kwa sababu mtu fulani aliamua mahali pake.

Kutoka hapo flea ilifika kwetu. John Knoll, fundi wa Industrial Light & Magic aliyeiunda Photoshop pamoja na kaka yake Thomas, ndiye aliyeandika kichujio cha Lens Flare cha programu hiyo. Katika Dar ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikiona kila mahali: kwenye majalada ya kanda za injili, nyuma ya kichwa cha mwimbaji, kwenye mabango ya dansi, kwenye kadi za harusi. Wengine walikichoka. Mimi nilikipenda, kwa sababu hata mchoraji wa kadi alilazimika kuivuta ile alama kwa mkono wake na kuamua mwanga utokee wapi. Aliuweka nyuma ya bwana na bibi harusi. Hakuuweka kwenye anwani ya ukumbi.

Kisha zikaja namba kubwa za mwanga. Tayari mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walikuwa wameonyesha namna ya kupiga picha kadhaa za mahali pamoja, moja yenye giza, moja yenye mwanga, na kadhalika, kisha kuziunganisha kuwa faili moja linalobeba viwango halisi vya mwanga bila kukomea kwenye 255. Mwaka 2003 Industrial Light & Magic waliitoa OpenEXR bure kwa ulimwengu, na faili lake likawa chombo cha kawaida cha kazi yetu. Karatasi ikawa 1. Balbu ikawa 50, au 500, au chochote ilichostahili.

Nataka kulisema hili kwa haki: lilikuwa jambo kubwa na jema. Kwa mara ya kwanza picha ilijua yenyewe kwamba balbu ni kali kuliko karatasi. Mng'ao haukuhitaji kupakwa, ungeweza kukokotolewa. Ukiipa programu umbo la tundu la lenzi, inapiga hesabu za namna mwanga unavyotawanyika, na nyota inayotoka ina miale sahihi na rangi sahihi ambazo mkono wangu usingezipata kamwe. Mwaka 2011 Matthias Hullin na wenzake walionyesha flea inayofuata mwanga ndani ya vioo vya lenzi halisi, kipande kwa kipande, tena papo hapo kwenye skrini. Nilipoiona nilifurahi kwa ajili ya Mzee. Kila alichokieleza kwa vidole kilikuwa pale.

Pamoja na usahihi huo ulikuja urahisi, na urahisi ndio unaonisikitisha. Zana nyingi za leo hufanya kazi kwa kizingiti: chochote kinachozidi kiwango fulani cha mwanga, king'ae. Huna haja ya kutoa namba. Kizingiti hakiulizi kama kilichozidi ni taa, au sahani nyeupe iliyopigwa na jua, au mto wa kochi ulio karibu na dirisha. Kwa hiyo vyote hung'aa. Katika lenzi halisi hakuna kizingiti cha namna hiyo. Kila nukta hutawanya sehemu ya mwanga wake, na zile kali tu ndizo tunazoziona zikifanya hivyo. Kizingiti ni njia ya mkato, na njia za mkato zikikaa muda mrefu watu husahau kwamba palikuwa na barabara.

Wakati huohuo mtindo ulitusukuma. Filamu ya Star Trek ya mwaka 2009, iliyoongozwa na J. J. Abrams, ilijaa flea, na kila mteja akataka zake. Walioiga hawakujua namna zilivyopatikana: nyingi zilitokana na tochi halisi zilizoelekezwa kwenye lenzi kutoka nje ya fremu, wakati waigizaji wakiigiza. Kulikuwa na mtu ameshika tochi, akifuata tukio, akijua lini aiinue na lini aishushe. Walioiga walichukua flea wakamwacha mtu.

Tazama mabango ya nyumba za kuuza pembeni mwa barabara zetu. Jengo la ghorofa, saa ya magharibi, anga ya buluu iliyokolea, na kila dirisha linawaka. Kila dirisha lina mng'ao wake, wote sawa. Taa za bustani zinang'aa, kingo za bwawa la kuogelea zinang'aa, magari yaliyoegeshwa yanang'aa. Ni kazi safi, na hesabu zake za mwanga ni sahihi kuliko zetu za 1999. Lakini hakuna jengo la Dar es Salaam linaloonekana hivyo saa moja usiku. Jikoni panawaka kwa sababu mtu anapika. Sebuleni kuna ubuluu wa televisheni. Vyumba viwili viko gizani kwa kuwa watoto bado wako nje, na dirisha la jirani halijawashwa kwa sababu mwenyewe yuko kwenye foleni ya Ubungo. Tulipochagua madirisha ya kuwasha, tulikuwa tunaamua nani amefika nyumbani. Ndiyo maana watu walisimama mbele ya picha zile wakaanza kuzungumzia maisha yao humo ndani, kabla hawajauliza bei.

Hicho ndicho ninachoona kimepotea. Mng'ao umebaki na umezidi. Kilichotoweka ni lile swali lililoutangulia, na kiti kilichovutwa ili lijadiliwe. Mzee amekwisha kutangulia mbele ya haki, studio yake ni duka la simu, na wasanifu tunaowahudumia hutuma faili usiku na kulipokea asubuhi bila sisi kukutana.

Siilaumu mashine, kwa sababu mashine yenyewe imetuachia mlango wazi. Cryptomatte, iliyoletwa mwaka 2015 na watu wa studio ya Psyop, humwezesha fundi kukichagua kitu chochote ndani ya picha iliyokwisha kurendwa, taa moja kati ya elfu, kwa usafi ambao zile namba zetu 15 hazikuukaribia. Blender, programu ya kutengeneza picha kama zetu, imekuwa programu huria, bure kwa kila mtu, tangu mwaka 2002. Injini yake ya Eevee ilikuwa na kisanduku cha kuwasha mng'ao kwa alama moja ya vema, na katika toleo la 4.2 la mwaka 2024 kisanduku hicho kiliondolewa; anayetaka mng'ao sasa anauongeza baadaye, kwenye hatua ya kuunganisha picha. Ni palepale tulipoanzia na Video Post, ila kwa zana nzuri zaidi. Nafasi ya kuteua imerudi mikononi mwetu. Mazoea ya kuteua ndiyo hayajarudi.

Kwa hiyo vijana wanaokuja kujifunza kwangu huanza kwa kuzima mng'ao wote. Wanaitazama picha ikiwa kavu, kisha wananiambia taa ipi ni ya mwenyeji na kwa nini, na mwanga wake unamwagika hewani, kwenye kioo au jichoni. Wakishajibu, wanairudisha taa hiyo moja, kisha ya pili kama ipo sababu, na nyingi zaidi ya hapo huwa hazihitajiki. Ninawaomba pia wamwite msanifu aje akae nao, hata kwa nusu saa, na nimeona wakija, na nimeona taa zikifutwa kwenye ramani kama zamani. Aliye mbali nasi anaweza kuanza leo hii: programu ni bure, na taa za kutazama zipo kila mtaa. Atoke nje magharibi ikiingia, asimame mahali ambapo nguzo inaikata taa, atazame kipi kinakatika na kipi kinabaki, kisha arudi ndani akaamue ni dirisha gani katika picha yake lina mtu.